Patasi Dhidi ya Mtutu: Sanaa ya Chapa na Wito wa Amani



Mada niliyopewa ni sanaa ya chapa na amani. Ni mada pana, na mtu akitaka kuizunguka yote ataishia kuwasomea orodha ya majina. Kwa hiyo nimeamua kukaa mahali pamoja, kwa mwanamke mmoja wa Ujerumani, Käthe Kollwitz, na chapa zake saba za mbao alizozichonga miaka ya 1921 na 1922 na kuzipa jina fupi: Vita. Nitawataja na wengine, Goya wa Hispania, Otto Dix, Picasso, na ndugu yetu John Muafangejo wa Namibia. Hao nitawaita ili watusaidie kumwelewa huyu mmoja.

Hoja yangu naitoa mapema, ili asiyekubaliana nayo aanze kuandaa maswali. Picha inayopinga vita kwa nguvu kuliko zote ni ile inayomwonyesha aliyebaki nyumbani, kisha ikamgeukia mtazamaji na kumuuliza alikuwa upande gani siku vijana walipoondoka. Ubaya wa adui hauwezi kufanya kazi hiyo, maana ubaya wa adui ndio unaotumika kuanzisha vita. Alama nzuri ya amani nayo haiwezi peke yake, kwa sababu nitakazozieleza. Na katika sanaa zote za mkono, chapa ndiyo inayoifaa kazi hiyo kuliko nyingine.

KAZI YA MCHAPAJI

Kwa faida ya wale ambao hawajawahi kushika patasi, nianze na kazi yenyewe. Msanii huchukua ubao uliopigwa randa, akachora juu yake, kisha akachonga na kuondoa kila anachotaka kiwe cheupe. Kinachobaki juu ndicho kitakachopokea wino. Rola yenye wino hupitishwa, karatasi hulazwa, husuguliwa kwa mkono au kubanwa kwa mashine, na ikibanduliwa picha hutokea kinyume, kama ilivyo kwa muhuri wa ofisi. Anayechonga ubao lazima awe na uhakika, kwa sababu kipande kilichokwisha kukatwa hakirudi mahali pake.

Zipo njia nyingine. Katika ile ya bamba la shaba, msanii hulipaka bamba nta, akachora kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha akalitia katika asidi. Asidi hula pale tu palipochorwa, na wino hukaa katika mifereji hiyo midogo. Katika litografia huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Jiwe likiloweshwa, maji na mafuta hukataana, na wino hushika penye mchoro tu.

Njia zote hizo zinakutana katika jambo moja: ubao mmoja, bamba moja au jiwe moja huzaa nakala nyingi, na kila nakala ni kazi halisi ya msanii. Mchoro wa rangi za mafuta hununuliwa na tajiri mmoja ukafungiwa sebuleni kwake. Chapa huweza kuwa ukutani kwa mwalimu, katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi na katika kurasa za jarida kwa wakati mmoja. Kollwitz alisomea uchoraji wa rangi Berlin na Munich, lakini kufikia miaka ya 1890 aliuweka kando na kuikumbatia chapa, akabaki nayo maisha yake yote.

Tusisahau kwamba vita navyo hula katika meza hiyo hiyo. Mwaka 1914 kuta za miji ya Ulaya zilijaa mabango yaliyotoka katika mashine za uchapaji. Uingereza ilimweka Lord Kitchener na kidole chake akimwita kila kijana jeshini. Mtambo uliochapa mwito wa kwenda vitani ni ndugu wa mtambo uliochapa mwito wa kuvikataa. Msanii wa chapa anayepinga vita anapigana na mpinzani anayetumia silaha kama yake, mtaani kwake, kwa watazamaji wale wale.

Na wala si jambo la jana. Mwaka 1633 Mfaransa Jacques Callot alichapisha picha 18 ndogo za madhila ya vita: askari wanapora, wanachoma vijiji, wananyongwa kwenye mti. Kati ya 1810 na 1820 Francisco Goya alichonga mabamba yake kuhusu vita vya Wahispania na majeshi ya Napoleon. Goya hakuwaonea haya Wafaransa, lakini hakuwaonea haya Wahispania wenzake pia. Katika kazi yake mnyama ni yeyote aliyeshika panga mbele ya asiye na panga. Hakuthubutu kuyachapisha akiwa hai. Alikufa 1828, na mabamba 80 yakachapishwa Madrid mwaka 1863, miaka 35 baada ya kifo chake.

MAMA ALIYEOMBA IDHINI

Käthe Schmidt alizaliwa 1867 Königsberg, mji ambao leo uko Urusi kwa jina la Kaliningrad. Mwaka 1891 aliolewa na Karl Kollwitz, daktari wa wafanyakazi, wakahamia mtaa wa watu wa hali ya chini kaskazini mwa Berlin. Wagonjwa wa mumewe walikuwa wanawake waliochoka kwa uzazi, watoto waliodhoofu kwa njaa, wanaume waliokosa kibarua. Hao ndio waliokuwa watu wa picha zake. Mwaka 1898 alionyesha mfululizo wake wa kwanza, kuhusu uasi wa wafumaji, na waamuzi wakapendekeza atunukiwe nishani. Kaisari Wilhelm II alikataa.

Agosti 1914 vita vikaanza. Mwanawe mdogo, Peter, alikuwa na miaka 18 na alitaka kujitolea. Kijana wa umri wake alihitaji idhini ya baba, na baba alikataa. Peter akamgeukia mama. Mama akasimama upande wa mwanawe, akamsihi mumewe, na daktari akakubali. Oktoba hiyo hiyo, usiku wa kuamkia tarehe 23, Peter aliuawa karibu na Diksmuide, Ubelgiji, siku chache tu baada ya kikosi chake kuondoka Ujerumani.

Kila anayezitazama chapa zake lazima alijue jambo hili. Kollwitz hakunyang'anywa mtoto na serikali. Aliomba kwa kinywa chake mtoto aruhusiwe kwenda. Aliamini, kama walivyoamini mamilioni, kwamba nchi inapoita kijana haitikii ila kwa moyo mmoja. Miaka yote iliyofuata, katika shajara zake na katika kazi zake, alirudi kwenye swali la idhini ile. Kilio chake kina uzito kwa sababu kimeanzia kwake mwenyewe.

Mabadiliko yake hayakuja kwa siku moja. Ilimchukua miaka kuukubali ukweli kwamba mwanawe alikufa kwa jambo lisilostahili kifo chake. Oktoba 1918, vita vikiwa ukingoni, mshairi Richard Dehmel alitoa wito wanaume wote wenye nguvu wajitokeze kwa pigano la mwisho. Kollwitz alimjibu hadharani katika gazeti la Vorwärts kwamba waliokufa wametosha na asianguke mwingine. Mwaka uliofuata alichaguliwa katika Akademia ya Sanaa ya Prussia, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa humo.

Lakini picha ya vita ilikuwa bado haijatoka mikononi. Alijaribu kwa bamba la shaba, haikumridhisha. Akajaribu kwa litografia, ikawa vile vile. Juni 1920 aliona chapa za mbao za Ernst Barlach katika maonyesho Berlin, na akiwa na miaka 52, msanii mwenye jina kubwa, alianza kujifunza njia aliyokuwa mgeni nayo. Nawaomba wanafunzi walizingatie hilo. Alikuwa na ustadi tele katika shaba na jiwe, akauacha kando kwa kuwa ulimzuia kusema alilotaka kusema. Mbao ilimkatalia vivuli laini na mapambo. Ilimwachia nyeusi na nyeupe tu.

CHAPA SABA

Chapa ya kwanza inaitwa Sadaka. Mama aliye uchi anamwinua mtoto mchanga kwa mikono yake, kama anayemtoa. Macho ameyafumba, na joho jeusi limemzunguka. Tukikumbuka idhini ya Agosti 1914 hatuhitaji maelezo zaidi.

Ya pili ni Waliojitolea. Mauti ametangulia, anapiga ngoma. Vijana wanamfuata wamebanana, vichwa vimetupwa nyuma, vinywa wazi, na mtazamaji hawezi kujua kama wanaimba au wanalia. Juu yao patasi imechora upinde wa mistari ya mwanga, ule ambao wachoraji wa kanisani huwawekea watakatifu. Kijana aliye karibu kabisa na Mauti ni Peter. Tuangalie uamuzi wa msanii hapa. Angeweza kumchonga Mauti anawawinda vijana kwa nyuma, nasi tungewahurumia, basi. Amemchonga akiwa kiongozi wao, na wao wakimfuata kwa hamu. Kollwitz anatuambia kwamba vita vina utamu wake siku ya kwanza, vina mdundo na vina nuru, na asiyekiri utamu huo hatawahi kuelewa kwa nini vijana wake wameondoka.

Ya tatu ni Wazazi, na hapa naomba tukae kidogo. Baba na mama wamepiga magoti. Miili yao imeshikana mpaka imekuwa gogo moja jeusi katikati ya karatasi nyeupe. Baba amefunika uso kwa mkono. Mama ameinama kabisa, uso wake umezama. Mistari michache ya patasi imepita katika nguo zao kuonyesha mikunjo, na mistari hiyo ndiyo pekee inayotutenganishia bega la huyu na mgongo wa yule. Hakuna chumba, hakuna dirisha, hakuna picha ya marehemu ukutani. Msanii ameondoa kila kitu ambacho jicho lingekimbilia kupumzika. Hatuoni hata chozi, maana nyuso zimefichwa, na bado hakuna anayeuliza watu hawa wana nini. Aliichonga upya kabla ya kuridhika nayo, na miaka mingi baadaye wazazi hao hao wawili waliopiga magoti wakawa sanamu za mawe alizoziweka mwaka 1932 katika makaburi alikozikwa Peter, Ubelgiji. Leo ziko Vladslo, mbele ya kaburi la kijana huyo.

Ya nne na ya tano ni za wajane. Wa kwanza amesimama peke yake, kichwa kimeinama upande, mikono mikubwa imejikunja kifuani. Wa pili amelala chali na mtoto mchanga juu ya kifua chake, na tunatambua kwamba wote wawili hawamo tena duniani. Ya sita ni Akina Mama. Wamekumbatiana, wamejenga ukuta wa migongo na mikono, na nyuso za watoto zinachungulia katikati yao. Ya saba, Umma, ina uso mmoja mtulivu wa mwanamke katikati ya nyuso zilizokunjamana kwa uchungu na hasira, naye amemficha mtoto katika joho lake.

Katika chapa zote saba hakuna uwanja wa mapambano. Hakuna bendera wala adui. Mama wa Kifaransa au wa Kirusi, aliyempoteza wake kwa risasi ya Mjerumani, angeweza kusimama mbele ya Wazazi na kujiona yeye. Mfululizo ulichapishwa Dresden mwaka 1923. Mwaka uliofuata Otto Dix, aliyepigana vita hivyo akiwa mpiga bombomu, alitoa chapa zake 50 za shaba zenye jina lile lile, Vita. Dix alituonyesha mahandaki, gesi, mafuvu na nyama inayooza, asidi ikila bamba jinsi udongo unavyokula maiti. Ni kazi kubwa na ya kweli. Lakini mtu anaweza kuzitazama chapa za Dix akageuza uso kwa kinyaa, akajisemea kwamba hayo ni mambo ya huko mbele. Mbele ya Kollwitz hakuna huko mbele. Vita vimeshaingia ndani ya nyumba.

BANGO NA NJIWA

Agosti 1924, miaka kumi tangu vita vianze, vijana wa vyama vya wafanyakazi walikutana Leipzig, na Kollwitz akawachorea bango la litografia. Kijana ameinua mkono wa kulia juu kabisa, mkono wa kushoto uko kifuani, nywele zinapeperuka, kinywa kiko wazi, na maneno ya kuapa kwamba vita visirudi tena yameandikwa kwa mwandiko wa haraka kumzunguka. Bango hilo limebebwa katika maandamano ya amani ya nchi nyingi tangu hapo. Linaonyesha upande wa pili wa Kollwitz: msanii aliyejua kuomboleza kimya alijua pia kupaza sauti panapohitajika.

Miaka 25 baadaye ulimwengu ulipewa picha nyingine. Januari 1949, katika karakana ya Mourlot mjini Paris, Pablo Picasso alichora kwa litografia njiwa mweupe katika usuli mweusi. Mshairi Louis Aragon aliichagua iwe alama ya Mkutano wa Amani uliofanyika Paris Aprili mwaka huo, na njiwa akaruka dunia nzima. Leo mtoto wa darasa la kwanza akiambiwa achore amani huchora njiwa.

Simdharau njiwa wa Picasso. Ni chapa nzuri, na alama inayoeleweka bila maneno ni hazina kwa wapenda amani. Lakini tuseme ukweli juu ya udhaifu wake. Njiwa hana historia ya mtu yeyote. Kila upande unaweza kumbeba. Mkutano ule ulikuwa wa wafuasi wa kambi ya Kisovieti, na mwaka 1950 wapinzani wao Ufaransa walitoa bango la njiwa aliyegeuzwa kifaru. Ilikuwa rahisi, kwa sababu alama tupu hujazwa na yeyote anayeikamata. Jaribu kumgeuza mama wa Kollwitz kuwa kifaru, haiwezekani. Amebeba mtoto wake, na mtoto huyo ana jina.

JE, CHAPA ILIZUIA VITA?

Najua swali linalowawasha baadhi yenu. Dix na Kollwitz walilia mwaka 1924. Mwaka 1933 Hitler akashika madaraka. Mwaka 1939 dunia ikawaka upya. Picha hizo zilizuia nini?

Hazikuzuia vita, na tusiwadanganye wanafunzi kwamba ubao unasimamisha vifaru. Lakini tuangalie jinsi watawala walivyozichukulia. Mwaka 1933 Kollwitz alilazimishwa kujiuzulu katika Akademia kwa kuwa alitia saini wito wa kuunganisha vyama dhidi ya Wanazi. Mwaka 1936 kazi zake ziliondolewa katika maonyesho, na maofisa wa Gestapo wakafika nyumbani kwake kumtishia kambi ya mateso. Bibi wa karibu miaka sabini, mwenye patasi na kalamu. Utawala wenye jeshi, redio na magazeti ulimwogopa mwanamke aliyechora akina mama wanaolia, kwa sababu utawala unaoandaa vita unahitaji mama atakayetoa idhini kwa furaha.

Mumewe alifariki 1940. Mwaka 1942 mjukuu wake, aliyepewa jina la Peter kwa kumbukumbu ya baba yake mdogo, aliuawa upande wa Urusi. Mwaka huo huo wa 1942 bibi huyo alichora litografia yake ya mwisho. Jina lake, Mbegu za Kupanda Zisisagwe, alilichukua kwa Goethe. Mwanamke mzee amewafunika wavulana watatu kwa mikono na koti lake. Uso wake hauombolezi tena. Ni uso wa mtu anayekataa. Na wavulana wenyewe, tukiwatazama vizuri, hawajatulia. Wanachungulia nje kwa macho ya utundu, wanataka kutoka. Bado vijana wanataka kwenda, kama Peter alivyotaka. Kilichobadilika ni mama. Yule aliyeomba idhini mwaka 1914 sasa ameweka mkono mzito juu ya vichwa vyao na hasikilizi ombi.

Novemba 1943 nyumba yake ya Berlin iliteketezwa kwa mabomu, na kazi zake nyingi zikaungua humo. Alifariki 22 Aprili 1945 Moritzburg, karibu na Dresden, vita vya Ulaya vikiwa vimebakiza wiki mbili kwisha. Nakala zake zilizokuwa nje ya nyumba hiyo zilibaki. Hapo faida ya chapa inaonekana wazi: anayetaka kuifuta lazima aitafute ukutani kwa kila mtu.

CHAPA HUSAFIRI

Chapa hizo zilivuka mipaka mapema. Mwaka 1931, mwandishi wa China Lu Xun alimpoteza rafiki yake kijana, mwandishi Rou Shi, aliyeuawa na serikali. Rou Shi alikuwa na mama kipofu kijijini. Lu Xun aliitoa chapa ya Sadaka katika jarida la Shanghai kwa ajili ya kumkumbuka. Mwaka huo huo alifungua darasa la kuchonga mbao kwa vijana, na mwaka 1936, mwaka wa kifo chake, akachapisha kitabu cha picha za Kollwitz. Vijana waliojifunza kwake ndio waliochonga mateso ya China miaka ya uvamizi wa Wajapani. Wengi wao walichonga kuhimiza watu wapigane, na mimi siwalaumu. Aliyevamiwa nyumbani ana haki ya kujitetea. Hata hivyo hawakuacha kumchonga mama mwenye njaa na mtoto aliyekufa, na kwa hilo walibaki wanafunzi wa Kollwitz.

Kusini mwa bara letu, John Muafangejo alizaliwa 1943 kusini mwa Angola, akakulia Namibia, akasomea katika kituo cha sanaa cha Rorke's Drift nchini Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1960. Alichonga linoliamu, ile inayotandikwa sakafuni, kwa kuwa ni laini na bei yake ni nafuu. Namibia ilikuwa chini ya makaburu na vita vya ukombozi vilikuwa vikiendelea. Katika chapa zake picha na maneno huchongwa pamoja, na ile ya 1984 inatangaza matumaini licha ya shida za wakati huo. Alifariki 1987 Katutura, Windhoek, hakuuona uhuru wa 1990. Kazi yake inatuthibitishia kwamba msanii hahitaji karakana ya Ulaya. Anahitaji kipande cha linoliamu, patasi, wino, na jambo la kweli la kusema.

SISI NA VITA VILE VILE

Nimalizie nyumbani, maana vita vilivyomchukua Peter Kollwitz vilikuwa vyetu pia, ingawa hatukuviomba. Alipouawa Diksmuide, hazikutimia wiki mbili kabla ya mapigano ya Tanga kuanza mwanzoni mwa Novemba 1914. Huku vita havikwisha mpaka 25 Novemba 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck alipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Katika miaka hiyo minne wapagazi wanaokisiwa kufikia milioni moja walibeba mizigo ya majeshi ya Waingereza na washirika wao, mbali na wale waliobebeshwa na Wajerumani. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa kambi yao.

Tumewakumbukaje? Mwaka 1927 ilisimamishwa Dar es Salaam sanamu ya shaba ya askari, bunduki mikononi, singe mbele. Nairobi nako askari wapo, na mpagazi amewekwa kando yao. Ni sanamu zilizotengenezwa vizuri, na waliokufa wanastahili heshima. Lakini ni kumbukumbu iliyotolewa na aliyewaajiri. Inamtukuza aliyepigana. Haituambii lolote juu ya mwanamke wa Ugogo ambaye majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka yake, ng'ombe wake na mumewe, kisha ikaja njaa ile waliyoiita Mtunya, iliyoendelea hata baada ya bunduki kunyamaza. Huyo ndiye dada wa mama aliyepiga magoti katika chapa ya tatu. Yule ana sanamu Ubelgiji na chapa katika makumbusho ya mabara mengi. Huyu wa Ugogo hana hata kipande cha karatasi ukutani.

Mabibi na mabwana, tumeishi karne nzima tukiwa na picha ya vita iliyochongwa na mkono wa mkubwa wa vita. Jirani zetu wa maziwa makuu wamepitia mengine mazito baada ya hapo, na kesho mtu mwingine atapiga ngoma ya kuwaita vijana. Siku hiyo picha watakazokuwa wamezizoea ndizo zitakazowashauri.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu. Walimu wa sanaa, wapeni wanafunzi ubao na patasi, au linoliamu kama mbao ni ghali, na wapeni historia ya wapagazi na ya Mtunya waichonge. Wakuu wa makumbusho na maktaba, zinunueni chapa hizo na kuzitundika pale ambapo mwananchi wa kawaida anapita bila kulipa kiingilio. Nanyi vijana mnaochonga, msikimbilie njiwa kwa kuwa ni rahisi, wala msitafute adui wa kumchora meno. Nendeni kwa wazee wa familia zenu, ulizeni nani aliondoka na hakurudi, ulizeni nani aliyempa ruhusa, kisha mchonge mlichoambiwa.